Misitu ya Kumano na Barua za Minakata

Karibu na mji wa Sakurai, katika mkoa wa Nara nchini Japani, lipo hekalu kongwe liitwalo Omiwa ambalo halina chumba cha mungu. Lina ukumbi wa kusalia, na nyuma ya ukumbi pana lango la mbao, na nyuma ya lango hakuna tena jengo bali mlima. Mlima huo uitwao Miwa, wenye kimo cha mita 467 na uliofunikwa na msitu tangu chini hadi kileleni, ndio uabudiwao. Atakaye kuupanda huomba ruhusa kwanza, huvalishwa ukanda mweupe, na akiwa juu hapigi picha.

Wengi nje ya Japani huijua nchi hiyo kwa picha za kalenda: mlima Fuji wenye theluji, maua ya micheri, daraja jekundu juu ya maji yaliyotulia. Picha hizo si za uongo, lakini zimeacha nje jambo moja kubwa. Kwa Mjapani wa kale mandhari haikuwa kitu cha kutazamwa tu. Ilikuwa na mwenyewe. Katika dini ya jadi ya Shinto, chochote kitiacho mshangao au hofu, kiwe jabali, chemchemi, mti mkuu au mtu aliyekufa kifo kisicho cha kawaida, chaweza kuwa kami. Neno hilo hufasiriwa kwa “mungu”, nayo ni tafsiri inayotosha nusu. Msomaji wa visiwani atalielewa upesi zaidi akiikumbuka mizimu, yaani yale mapango, mibuyu na majabali ambapo watu huweka ubani na kufunga kitambaa, wakijua kwamba hapo pana mwenyewe. Kufanana huku kusivutwe mbali mno, maana mizimu ya mwambao haikupata kuwa mali ya serikali. Ile ya Japani ilipata kuwa, na hapo ndipo penye kisa.

Rasi ya Kii huchomoza kusini mwa mji wa Osaka na kuingia baharini kama goti. Ni nchi ya milima iliyobanana, mvua nyingi sana na mabonde membamba. Upande wake wa kusini huitwa Kumano, na tangu zama za kale ulihesabiwa kuwa nchi ya wafu na ya miungu. Yapo mahekalu makuu matatu huko: Hongu bara, Hayatama kwenye mlango wa mto, na Nachi juu ya mlima uelekeao bahari. Karibu na hili la tatu yapo maporomoko ya maji ya mita 133, yanayoanguka mkupuo mmoja kutoka ukingo wa jabali. Juu yake imefungwa kamba nene ya majani ya mpunga, ambayo hubadilishwa mara mbili kwa mwaka, kuonyesha kwamba maji yale ni matakatifu. Chini yake kuna mahali pa kusalia, lakini, kama ilivyo Miwa, hakuna nyumba ya mungu. Katika jumba la makumbusho la Nezu mjini Tokyo umehifadhiwa mchoro wa maporomoko hayo, uliochorwa zama za Kamakura, miaka mia saba hivi iliyopita. Mtazamaji asiyejua ataudhani kuwa picha ya mandhari tu: mstari mweupe wa maji, miti, majabali, na sehemu ya duara nyuma ya mlima. Waliouchora walikuwa wanachora mungu.

Kuanzia karne ya 11 makaizari waliokwisha kuacha kiti walishika desturi ya kwenda Kumano kutoka mji mkuu wa Kyoto. Safari ya kwenda na kurudi ilichukua karibu mwezi mzima, kwa miguu, kwa farasi na kwa mashua. Go-Shirakawa alikwenda mara zaidi ya 30, na mjukuu wake Go-Toba mara 28. Katika msafara wa mwaka 1201 Go-Toba alifuatana na mshairi Fujiwara no Teika, naye aliandika shajara ambayo imebaki hadi leo. Shajara hiyo haina unyenyekevu mwingi wa kidini. Inaeleza zaidi mvua, uchovu, ugonjwa, malazi mabovu, na usumbufu wa kulazimishwa kutunga mashairi kila kituo huku mtu amelowa. Hata hivyo ni yeye huyo anayekiri kwamba alipofika mbele ya hekalu la Hongu hakuweza kuyazuia machozi. Njiani palikuwa na vihekalu vidogo vilivyoitwa oji, ambavyo idadi yake husemwa kuwa 99, ingawa tisini na tisa hapo ni namna ya kusema “vingi”. Kila kihekalu kilikuwa na miti yake.

Baada ya makaizari walikuja mashujaa, na baada ya mashujaa wakaja wakulima, wagonjwa na vipofu, hata Wajapani wakawa na msemo wa kuufananisha mlolongo wa mahujaji wa Kumano na msafara wa sisimizi. Jambo lililowavuta watu wa chini lilikuwa kwamba Kumano haikumfukuza mtu. Wanawake walipokewa, ilhali mlima Koya, makao ya madhehebu ya Shingon yaliyoanzishwa na mtawa Kukai mwaka 816 katika rasi hiyohiyo, uliwafungia mlango hadi zama za Meiji. Tena Kumano haikutenganisha dini mbili za nchi. Kila mungu wa pale aliaminiwa kuwa ni sura ya Buddha au mtakatifu fulani wa Kibudha: yule wa Hongu alikuwa Amida, yule wa Nachi alikuwa Kannon mwenye huruma. Kwa kuwa pepo ya Kannon ilisadikiwa kuwa ng’ambo ya bahari ya kusini, watawa kadhaa katika karne mbalimbali waliondoka pwani ya Nachi ndani ya mashua ambazo chumba chake kilipigiliwa misumari kutoka nje, wakasukumwa kwenye mkondo wasirudi tena. Ni ibada inayotisha, na hakuna haja ya kuipamba. Inatajwa hapa kwa sababu inaonyesha jinsi watu wale walivyoyachukulia kwa uzito waliyoyaona mbele yao. Upeo wa bahari kwao ulikuwa mlango.

Mwaka 1868 utawala wa mashogun ulipoanguka, serikali mpya ya Meiji iliamua kwamba Shinto iwe dini ya dola na isafishwe. Amri ya kutenganisha miungu na Mabuddha ilitolewa mwaka huohuo. Sanamu zilivunjwa, watawa wakafukuzwa, na mwaka 1872 ukapigwa marufuku utaratibu wa watawa wa milimani walioifanya Kumano kuwa chuo chao. Mwaka 1871 sehemu kubwa ya ardhi ya mahekalu ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na serikali. Mwaka 1889 mafuriko makubwa yaliipiga rasi ya Kii. Hekalu la Hongu, ambalo tangu zama lilikuwa kwenye kisiwa cha mchanga mahali mito ikutanapo, lilisombwa sehemu kubwa, na majengo yaliyosalia yakahamishiwa juu ya kilima mwaka 1891. Katika bonde la Totsukawa vijiji viliharibiwa vibaya hata watu wapatao 2,500 wakahamia Hokkaido, kaskazini kabisa ya nchi, na kuanzisha huko Totsukawa mpya. Wapo waliolaumu ukataji wa miti milimani. Serikali haikuwasikiliza.

Pigo lililofuata halikutoka mbinguni. Mwaka 1906, mara baada ya vita na Urusi vilivyoiacha Japani na madeni mengi, Wizara ya Mambo ya Ndani ilianza kuunganisha mahekalu. Kanuni ilikuwa nyepesi kama kanuni zote za ofisini: kijiji kimoja, hekalu moja. Wakati huo nchi ilikuwa na mahekalu ya Shinto yapatayo 190,000, mengi yakiwa vihekalu visivyo na kuhani, vinavyofagiliwa na wazee wa mtaa. Ilisemwa kwamba hali hiyo inaiaibisha dini ya dola. Afadhali yawe machache yenye majengo ya heshima na fedha za akiba. Utekelezaji uliachiwa wakuu wa mikoa, ambao waliweza kupandisha kiwango cha akiba hata vijiji maskini visikifikie. Hekalu lililoshindwa lilifungwa, mungu wake akapelekwa kwa jirani katika sanduku, na miti yake ikauzwa.

Hapa ndipo fedha zilipoonekana uso wake. Miti ya mahekalu ilikuwa mikubwa kuliko yote nchini kwa sababu kwa karne nyingi hakuna aliyethubutu kuigusa. Miongoni mwayo ilikuwamo mikafuri, mti utoao kafuri, ileile ambayo harufu yake watu wa pwani huijua kutoka kwenye sanda. Wakati ule kafuri ilikuwa bidhaa ya ukiritimba wa serikali ya Japani na ilitakiwa sana na viwanda vya seluloidi vya Ulaya na Marekani. Mkafuri wa miaka mia tano ulikuwa mungu asubuhi na mali ghafi jioni. Katika miaka isiyofikia kumi mahekalu yapatayo 70,000 yalifutwa. Mikoa iliyoumia kuliko yote ilikuwa miwili, nayo yote iko katika rasi ya Kii: Mie, ambako karibu tisa katika kila kumi yaliondolewa, na Wakayama, ambamo mna Kumano. Vihekalu vya oji, vilivyopitiwa na makaizari, vilifutwa kimoja baada ya kingine.

Mtu aliyesimama kupinga hakuwa kuhani wala mwanasiasa. Minakata Kumagusu alizaliwa mjini Wakayama mwaka 1867, na jina lake lenyewe lilikuwa na herufi mbili za msitu: kuma ya Kumano na kusu, ambayo maana yake ni mkafuri. Ilikuwa desturi ya nyumba yao kumwombea mtoto jina kwenye hekalu lenye mti huo. Aliacha masomo Tokyo, akaenda Marekani, akazunguka hata Kuba, na mwaka 1892 akafika London. Huko alikaa miaka minane akisoma katika maktaba ya British Museum, akinakili vitabu vya lugha nyingi kwa mkono wake, na kuandika katika jarida la Nature, ambalo kwa maisha yake yote lilichapisha makala zake 51. Alikuwa rafiki wa Sun Yat-sen, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya China. Alikuwa pia mlevi na mgomvi. British Museum ilimfukuza kwa sababu ya kupigana humo ndani, na mwaka 1900 alirudi kwao bila shahada na bila fedha.

Alipanda Nachi mwishoni mwa mwaka 1901 akakaa huko karibu miaka mitatu, akikusanya kuvu, mwani, na hasa viumbe fulani vya utelezi viotavyo juu ya magogo yaliyooza. Viumbe hivyo hutambaa na kula kama mnyama, kisha husimama na kutoa mbegu kama kuvu. Kwa Minakata, ambaye alikuwa ameandikiana kwa miaka mingi na mtawa wa Shingon aitwaye Toki Horyu kuhusu mpangilio wa ulimwengu, kiumbe kisichojulikana kama kinaishi au kinakufa kilikuwa fumbo lenye thamani kuliko dhahabu. Nacho kilihitaji kitu kimoja tu, nacho ni msitu wa zamani ulioachwa peke yake. Mwaka 1904 alihamia Tanabe, mji mdogo wa pwani, akamwoa binti wa kuhani wa hekalu la Tokei. Alipokuta kwamba vijisitu alivyokuwa akivichunguza vinageuka visiki, hakunyamaza.

Kuanzia mwaka 1909 aliandika mfululizo katika gazeti la mji huo, Muro Shinpo. Mwezi wa Agosti 1910 alikwenda, akiwa amelewa, kwenye mkutano alimokuwamo ofisa wa mkoa aliyeshughulikia uunganishaji. Alipozuiwa kumwona aliingia kwa nguvu na kurusha mfuko wake ukumbini. Alikamatwa akawekwa mahabusu siku 18. Inasimuliwa kwamba hata huko ndani alipata kiumbe kimoja cha utelezi, naye hakuwa na haraka ya kutoka.

Kelele hizo zingeweza kumalizika kama kichekesho cha mji mdogo. Zilizozaa matunda ni barua. Mwaka 1911 alimwandikia mtaalamu wa mimea Matsumura Jinzo wa Tokyo barua mbili ndefu mno, na Yanagita Kunio, ofisa wa serikali aliyekuwa akianzisha taaluma ya fasihi simulizi na mila za Japani, akazichapisha kwa gharama yake na kuzigawa kwa watu wenye sauti. Mwaka uliofuata Minakata alitoa hoja zake zote pamoja katika jarida la Tokyo, na mwezi Machi 1912 mbunge wa Wakayama, Nakamura Keijiro, akalipeleka suala hilo Bungeni.

Hoja hizo zinastahili kusomwa hata leo kwa sababu hazikushika kamba moja. Alisema kwamba mzee anayelazimika kwenda mwendo wa saa nyingi kusali hatakwenda tena, na kwa hiyo serikali inayodai kuijenga dini inaibomoa. Alisema kwamba sikukuu ya hekalu ndiyo soko la kijiji, na likifa hekalu hupungua pato. Wavuvi hulenga miti ya hekalu wanaporudi, na samaki hupenda kivuli cha msitu ukaribiao maji. Ndege wakosao viota huacha wadudu waile mpunga. Alilitumia neno ekolojia wakati ambapo hata Ulaya halikuwa neno la kawaida. Kisha akafikia lililo gumu kulithibitisha kwa ofisa. Hekalu la Shinto, alieleza, halina mahubiri wala kitabu. Mtu huingia chini ya miti, akanyamaza, na kitu fulani kikamshika bila kuelezwa. Ukiuondoa msitu umeondoa fundisho lote. Akayafananisha mandhari ya nchi na mandala, ule mchoro wa Kibudha ambamo ulimwengu mzima umepangwa na kila kitu kimefungamana na kingine.

Yapo ya kumlaumu. Ili asikilizwe alijifunika joho la uzalendo, akasisitiza kwamba kuua hekalu la kijiji ni kuua upendo wa nchi na utiifu kwa Kaizari. Dola iliyokuwa ikisikiliza hoja kama hiyo ndiyo iliyokuja baadaye kuyatumia mahekalu kuwapeleka vijana vitani, hadi mwaka 1945. Yanagita naye alimwona kuwa mkali kupita kiasi, na urafiki wao haukudumu. Lakini asingezungumza kwa lugha ya wenye amri, ni nani angemsikiliza mtu wa Tanabe asiye na shahada?

Uunganishaji ulipungua kasi baada ya mjadala wa Bunge na kufikia mwaka 1920 ulikuwa umekwisha. Kwa mahekalu mengi ulikuwa umechelewa kuisha. Mahali paitwapo Nonaka, kwenye njia ya mahujaji, iliokolewa mierezi michache tu mikubwa, ambayo matawi yake yote yameelekea kusini, upande wa Nachi. Na mwaka huohuo wa 1920 ulishuhudia jambo ambalo mtu wa kejeli asingeweza kulitunga. Serikali ileile iliyokuwa imekata misitu ya vijiji ilifungua mjini Tokyo hekalu la Meiji Jingu, kwa kumbukumbu ya Kaizari Meiji aliyefariki mwaka 1912, na kulizungushia msitu wa kupandwa wa ekari zaidi ya 170. Miti ipatayo 100,000 ililetwa hidaya kutoka kila upande wa nchi. Waziri Mkuu Okuma alitaka mierezi mirefu kama ya Ise, lakini wataalamu wakiongozwa na Honda Seiroku walimkatalia. Walichagua mialoni ya majani yasiyopukutika, mikafuri na jamii zake, ili baada ya miaka mia msitu ujiendeshe wenyewe. Walikuwa na haki, nao umesimama. Kwa ufupi, walipanda kwa hesabu msitu wa aina ileile ambayo kijijini ilikuwa imeuzwa kwa kilo.

Tarehe 1 Juni 1929 Kaizari Hirohito, aliyekuwa mwenyewe mpenzi wa elimu ya viumbe, alifika ghuba ya Tanabe kwa manowari. Alishuka kwenye kisiwa kidogo cha Kashima, ambacho msitu wake Minakata alikuwa ameupigania usikatwe, kisha akamsikiliza mzee huyo melini. Minakata alimtunukia vielelezo 110 vya viumbe vyake vya utelezi, vikiwa ndani ya vijisanduku vya karatasi vya peremende za maziwa badala ya kasha la mbao la kifalme. Miaka michache baadaye kisiwa hicho kiliwekwa chini ya ulinzi wa taifa. Minakata alifariki mwezi Desemba 1941, majuma matatu baada ya Pearl Harbor. Kaizari alipofika tena pwani hiyo mwaka 1962 akakiona Kashima kupitia mvua, alitunga shairi fupi na kumtaja humo kwa jina lake, jambo ambalo ni nadra kwa raia.

Baada ya vita milima ya Kii ilivaa sura nyingine. Nchi ilihitaji mbao za kujengea, na misitu ya asili ikakatwa ili ipandwe mierezi na misipresi kwa safu. Leo misitu ya kupandwa ni karibu asilimia 40 ya misitu yote ya Japani, na mgeni anayeitembea njia ya Kumano akistaajabia nguzo za miti zilizonyooka katika ukungu, mara nyingi anastaajabia shamba. Uzuri upo, hapana ubishi, lakini chini ya miti hiyo hapaoti mengi, na Minakata asingepata cha kuokota. Msitu wa kweli wa kale umebaki kwa vipande: nyuma ya maporomoko ya Nachi, kwenye kisiwa cha Kashima, kandokando ya vihekalu vichache.

Mwaka 2004 UNESCO iliziorodhesha sehemu takatifu na njia za mahujaji za milima ya Kii kuwa urithi wa dunia, na mwaka 2008 ikaorodhesha misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda huko Kenya, ambayo nayo imesalia kwa sababu wazee walikataza shoka. Mwaka 2016 eneo la Kii liliongezwa, na miongoni mwa yaliyoingizwa ni hekalu la Tokei mjini Tanabe, lile ambalo baba mkwe wa Minakata alikuwa kuhani wake. Huko Hongu, kwenye kisiwa cha mchanga kilichosombwa mwaka 1889, lilijengwa mwaka 2000 lango la chuma lenye kimo cha karibu mita 34, nalo huonekana kutoka mbali juu ya mashamba ya mpunga. Ndani yake hakuna hekalu. Kuna uwanda wa majani, miti mikubwa pembeni, na vihekalu viwili vidogo vya mawe kwa ajili ya miungu ambayo nyumba zao hazikujengwa tena.